Wanahesabu mitumbwi, taa hawazioni!

Wandugu wa Bukavu na Goma, leo niacheni niseme.

Mwaka jana watu wa ofisi moja walitufikia ufukweni, wakahesabu ekipe za sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu tunaowavua usiku kwa taa (ekipe moja ni mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti), wakasema zimezidi, zipunguzwe. Kaka yangu mkubwa akakubali kuacha. Mitumbwi yake mitatu ikafunguliwa, miti iliyoiunganisha tukapikia maharagwe.

Sasa niambieni, sambaza wamepumzika? Jirani yake aliyebakizwa alikuwa na petromaksi mbili, zinakunywa mafuta kama mlevi. Leo ana taa za betri, nimezihesabu nane, mchana anazichaji kwa sola. Mafuta hanunui tena, basi hana usiku wa kulala nyumbani. Zamani mwezi ukiwa mpevu tulishinda tukishona nyavu, maana kwenye mbalamwezi sambaza hawaifuati taa. Yeye anatoka tu. Ameweka na injini, anafika hadi kisiwa cha Idjwi. Kwenye daftari la ofisi bado ni ekipe 1!

Mimi taa sizichukii, jamani. Moshi wa petromaksi ulimharibu baba kifua. Ninalolichukia ni lile daftari.

Pigeni hesabu. Watafiti wa uvuvi hukadiria kwamba nguvu ya chombo kuvua hupanda asilimia 2 hadi 3 kila mwaka kwa sababu ya vifaa tu. Ondoa vyombo 20 kati ya 100. Kwa asilimia 3, ukifika mwaka wa 8 vile 80 vinavua kama 100 vya mwanzo. Umoja wa Ulaya ulihangaika na jambo hilohilo toka 1983 hadi 2002, ukipima ukubwa wa meli kwa tani na nguvu ya injini kwa kilowati, huku sonari za kutafutia samaki na GPS zikifungwa kwenye meli zilizobaki. Na wao walikuwa na pesa za kuwalipa wanaoacha. Kaka yangu alipewa mkono, akaambiwa asante.

Halafu Kivu si bahari. Ukipita mita 60 au 70 kwenda chini hakuna oksijeni, ni gesi. Sambaza wote wako hapo juu, mahali taa inapofika. Watakimbilia wapi?

Nani amewahi kuona wakihesabu taa, au wakipima matundu ya wavu? Wa Kalehe, wa Minova, wa Kituku, semeni.

Kaka sasa anauza inite (vocha) za simu huko Kadutu, Bukavu. Jana ameniuliza taa ya betri ni bei gani.