Naomba ushauri: neno "unanizingua" limewatenganisha bibi na mjukuu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Newala, Mtwara. Mdogo wangu amekuja kutoka Dar es Salaam kutusaidia msimu huu wa korosho. Juzi bibi alimrudisha mara ya tatu akaokote upya chini ya mikorosho. Kijana akasema, "Aa bibi, unanizingua bwana!"

Bibi akaweka ungo chini, akanyamaza. Tangu siku hiyo hawali pamoja.

Kwa vijana wa mjini, kuzingua ni kusumbua au kukera tu. Kwa bibi, kuzingua ni kumtoa mtu uchawi au pepo, kwa hiyo kasikia mjukuu wake akimtaja kwenye mambo ya uganga, tena mbele ya majirani. Uchawi si jambo la kutania, na vikongwe ndio huwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Naielewa hofu yake.

Kijana hana ubaya. "Jero" (shilingi mia tano) na "buku" (elfu moja) zake bibi alishazizoea. Na anajua maneno hugeuka: aliwahi kufanya kazi na Wakenya, akakuta "soo" kwao ni shilingi mia, wakati kwetu ni balaa. Ila kuomba radhi anasita, anaona hajatukana.

Nimweleze bibi mimi mwenyewe, au nimtafute mzee wa ukoo? Au kijana apige magoti kwanza, maelezo yafuate? Aliyepitia haya anisaidie. Msimu ukiisha anarudi Dar, na bibi umri umekwenda.