Dalali wa Bronx anataka amana ya miezi miwili: je, ni halali?

Mgeni wa Bronx aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nimekaa kwa kaka yangu hapa Bronx, New York, kwa miezi minane, na sasa natafuta nyumba yangu mwenyewe kwa kuwa mke wangu na mtoto wetu wa miaka mitatu wanawasili mwezi ujao. Juzi nilionyeshwa nyumba ya chumba na sebule karibu na Grand Concourse, katika jengo la matofali la ghorofa sita, kwa kodi ya dola 1,900 kwa mwezi, na nimeipenda. Dalali, ambaye ndiye aliyeitangaza mtandaoni na kunifungulia mlango kwa ufunguo wa mwenye nyumba, anadai kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya miezi miwili, ujira wake wa mwezi mmoja na dola 150 za fomu ya maombi, jumla dola 7,750, la sivyo Ijumaa atampa mtu mwingine. Dar es Salaam nilizoea kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo pamoja na mwezi wa dalali, hivyo sikushtuka. Kaka yangu ndiye aliyeguna. Je, madai hayo ni halali? Na kwa mshahara wangu wa dola 58,000 kwa mwaka, nitakubaliwa?

Mkazi wa Fordham alijibu:

Ndugu yangu, usitoe hata senti kwanza. Sheria ya wapangaji ya jimbo la New York ya mwaka 2019 inasema amana isizidi kodi ya mwezi mmoja, na ada ya kuchunguza historia ya mwombaji isizidi dola 20. Kuhusu dalali, tangu tarehe 11 Juni 2025 sheria ya jiji inamtaka aliyemwajiri ndiye amlipe, na dalali anayetangaza nyumba kwa ridhaa ya mwenye nyumba anahesabiwa kuwa anamfanyia kazi mwenye nyumba, si wewe. Kwa hiyo kiasi halali cha kuingilia ni dola 3,820, na zinazobaki ni fedha za kitanda na makoti ya mtoto. Mwandikie kwa adabu, kwa barua pepe badala ya simu ili maneno yabaki, umwombe akutajie kila malipo na sababu yake. Wala usikabidhi fedha taslimu kabla ya kuusoma mkataba.

Mama wa Parkchester alijibu:

Mdogo wangu, aliyoyasema mwenzangu ni kweli, lakini naona mshahara ndio utakaokusumbua zaidi. Wenye majengo makubwa hapa hutaka kipato cha mwaka kiwe mara 40 ya kodi ya mwezi. Huo ni utaratibu wao, si sheria, na kwa nyumba hiyo ni dola 76,000. Ukipungukiwa huomba mdhamini mwenye kipato cha mara 80, jambo ambalo wengi wetu hatuna jamaa wa kulitimiza. Sisi tulikataliwa mara mbili kabla mwenye nyumba wa tatu hajatukubali, baada ya mume wangu kumwekea mezani risiti za kodi za miezi kumi na minane, zimepangwa mwezi kwa mwezi, pamoja na barua ya mwajiri. Kama unamchangia kaka yako kodi, mwombe akuandikie kila mlichopeana. Jaribu pia nyumba za familia mbili huko Wakefield, ambako mara nyingi mwenye nyumba anaishi humo humo na hukusikiliza mwenyewe.

Fundi wa majengo alijibu:

Naongeza kwa sababu una mtoto. Rudi ukaione tena nyumba hiyo kabla ya kusaini. Fungua bomba la maji moto jikoni na uangalie yanachukua muda gani kupata moto, kisha ulizia vizuizi vya madirisha, ambavyo mwenye jengo la nyumba tatu au zaidi analazimika kuviweka panapoishi mtoto wa miaka 10 au chini. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, nje kukiwa na baridi, ndani mchana pasipungue nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi. Pakipungua, piga 311, namba ya simu ya malalamiko ya jiji. Tovuti ya idara ya makazi ya jiji huonyesha makosa ya kila jengo ukiandika anwani, nami huanzia hapo daima. Tena jengo la nyumba sita au zaidi lililojengwa kabla ya 1974 mara nyingi lina kodi inayodhibitiwa: uliza hilo, kwa sababu likiwa hivyo una haki ya kuhuisha mkataba, na nyongeza ya kodi hupangwa na bodi ya jiji, si na mwenye nyumba.

Mgeni wa Bronx aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimemwandikia dalali usiku huu, naye amejibu kwamba ujira wake ameufuta, ila bado anashikilia amana ya miezi miwili. Nimemtumia kifungu cha sheria na kumwomba jina la mwenye nyumba. Jumamosi narudi pale na kaka yangu, na bomba la jikoni ndilo tutakaloanza nalo.