Tuliowahi kupiga Linux wenyewe, tupeane uzoefu (mwenzenu nimekwama Chumbageni, Tanga)

Mwana Chumbageni: Wakubwa shikamooni. Tangu Windows 10 ikatiwe masasisho Oktoba 2025 mashine yangu hainipi raha, na 11 inaikataa, eti prosesa yake, i5 ya kizazi cha 6, ni kikongwe. Jana usiku nikasema liwalo na liwe, nikaifuta nikapiga Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Inawaka vizuri, ila waifai hamna. Siyo dhaifu, haimo kabisa. Waliopitia haya waseme, nijipe moyo.

Fundi Barabara ya 13: Ulipowasha mara ya kwanza, ilikuja skrini ya buluu inahesabu kurudi nyuma kutoka 10?

Mwana Chumbageni: Ilikuja. Nikajua ndiyo imekufa, nikaiacha ikapita.

Fundi Barabara ya 13: Hapo ndipo ulipoiacha waifai yako. Ile nywila uliyoombwa ukiwa unapiga ilikuwa ya kujaza pale. Secure Boot, yule mlinzi anayekagua programu mashine inapowaka, haipokei draiva (programu ya kuendesha kifaa) isiyo na mdhamini. Fungua Terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nywila mpya, zima na uwashe. Ikija buluu bonyeza kitufe chochote kabla hesabu haijaisha, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa huyo mdhamini), ujaze nywila hiyo. Halafu fungua Driver Manager uweke draiva ya waifai, ile flashi uliyopigia Linux ikiwa imechomekwa.

Baba Mwanaidi: Maneno mengi ya nini? Zima Secure Boot kwenye BIOS, ile mipangilio ya kuwashia mashine, ukalale.

Fundi Barabara ya 13: Usimpoteze mtoto wa watu. Mwenye Windows upande wa pili yenye BitLocker, kufuli la diski, akigusa hapo anaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Kwa mashine ya mtumba, ufunguo huo unao wewe?

Baba Mwanaidi: Kasema ana Windows? Soma mada kwanza.

Mpiga Picha Ngamiani: Mmenitonesha kidonda. Nilipiga video za harusi Makorora, kazi nzima iko kwenye diski ya nje ya GB 500. Diski ya mashine nayo GB 500. Nimetoka kukopi, nikaona nisiupoteze usiku, nipige Linux leo leo. Ile ya nje sikuichomoa. Ikaniuliza nipige diski ipi, sda au sdb? Nikajiambia ya kwanza si ndiyo ya mashine? Joto la Machi, feni inavuma, macho mazito, nikabonyeza ile ya kufuta diski nzima. Mstari umefika karibu nusu ndipo naona kitaa cha diski ya nje kinamweka. Wallahi mikono iliganda. Niliuchomoa ule waya kama mtu anang'oa mwiba wa samaki taa. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili, ikahangaika siku mbili, ikarudisha mafaili mengi tu, lakini hayana majina, namba tupu, tena yamechanganyika na maulidi ya Pangani ya mwaka wa nyuma. Nafungua moja moja: huyu somo, huyu shehe, huyu mbuzi. Pale bwana harusi anaingia kumpa mkono bibi hapajapatikana mpaka leo.

Bi Raskazone: Nimecheka mpaka uji umeshika chini. Huyu mbuzi!

Mdigo wa Duga: Ungepiga Ubuntu, ile Linux nyingine, yasingekukuta.

Mpiga Picha Ngamiani: Ubuntu inajua diski ya harusi?

Mdigo wa Duga: Basi yaishe. Mimi yangu iliganda kwenye nembo. Nikabonyeza "e" kwenye GRUB, ile menyu ya kuwashia, nikaongeza `nomodeset` (isianze na draiva ya picha) mwisho wa mstari unaoanza na neno linux, ikapita.

Baba Mwanaidi: Na wewe Chumbageni chomeka simu kwa waya, upate mtandao wakati mnabishana.

Mwana Chumbageni: Imeshika! Nimebonyeza ikiwa imefika 3, roho mkononi. Naandika kwa mashine yenyewe sasa hivi.

Bi Raskazone: Hongera. Mpiga Picha, na wenye harusi walikulipa?

Mpiga Picha Ngamiani: Dada, wananidai.