Naomba ushauri: kichocheo kinabanduka kwenye sponji ya nikeli

Habari zenu wakuu. Niko Kampala, nafanya utafiti wa uzamili juu ya vichocheo vya kupasua maji kwa umeme ili kupata haidrojeni. Iridiamu, metali adimu inayotumika kama kichocheo, bei yake hatuiwezi, kwa hiyo natumia nikeli na chuma, nilivyobandika kwa gundi ya Nafion juu ya sponji ya nikeli (kipande cha metali chenye vitundu vingi), ndani ya maji yenye potasiamu haidroksaidi ya molari 1. Kinadharia volti 1.23 zinatosha, mimi nafika 1.7, na siku ya kwanza mapovu hutoka vizuri mno, madogo madogo kama ya soda. Siku ya pili nakuta unga wa kahawia umetuama chini ya bika. Tabaka la kichocheo limebanduka! Je, niioshe sponji kwanza kwa asidi ya haidrokloriki, au niachane na gundi ya Nafion nipandishe tabaka kwa umeme moja kwa moja? Nimebakiwa na kipande kimoja tu.