Darasa la Jumamosi lishuke vinyunguni

Kikundi cha akina mama, Ilula, Iringa. Ijumaa jioni.

Katibu 18:42
Kamwene akina mama. Jumamosi iliyopita kwenye darasa letu la kusoma na kuandika walifika 9 tu, na walioandikishwa ni 26. Kabla ya kesho naomba tuambiane ukweli, shida iko wapi?

Mama Zawadi 18:44
Shida ni msimu wa nyanya, Katibu. Wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, wanachuma, lori la Dar linasubiri kupakia. Nani ataacha matenga aje kusoma?

Mama Upendo 18:45
Na wa kibarua ndiyo kabisa. Analipwa kwa tenga, asipochuma hapati kitu.

Bibi Tula 18:51
Wanangu msilegee. Sisi mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, tulisoma kisomo chini ya mti jioni, na shamba tulikuwa tumelima.

Mama Zawadi 18:52
Shikamoo bibi.

Bibi Tula 18:53
Marahaba mwanangu.

Mama Zawadi 18:57
Mimi hili darasa nalililia, niseme kweli. Kadi ya kliniki ya mtoto nilikuwa naibeba tu kwenye mkoba. Jumanne nesi kaandika tarehe ya kurudi, nikaisoma mwenyewe pale pale dirishani. Sikumuuliza mtu 😭

Katibu 18:58
Hongera sana mama!!

Dada Rehema (mhudumu wa afya) 19:06
Hongera Mama Zawadi 👏🏾 Sasa nisikilizeni ndugu zangu. Mkoa wetu unaongoza nchi nzima kwa udumavu. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa wa chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Na ni sisi tunaolisha Dar: nyanya, viazi, mahindi, maharage. Chakula kipo. Mama ndiye hayupo nyumbani, na simlaumu, anatafuta. Anatoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka 7 na kikombe cha uji mweupe mpaka jioni. Mtoto wa mwaka mmoja anatakiwa ale mara 3 mpaka 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati. Hao ambao hawaji darasani ndio tunaowatafuta kuliko wote.

Mama Upendo 19:08
Wangu mashavu haya hapa, mnene, huyo hajadumaa.

Dada Rehema (mhudumu wa afya) 19:10
Mama Upendo, unene hautuambii. Udumavu ni urefu ukilinganisha na umri. Mlete Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji tumpime kwenye ubao wa kupimia urefu, tusikisie.

Mama Upendo 19:11
Haya dada, nitamleta.

Mama Zawadi 19:15
Basi darasa lishuke huko huko. Saa sita jua likiwaka watu wanakaa chini ya miti wanapumzika, na wengi wana watoto mgongoni. Nusu saa tunasoma, uji unachemka pembeni, watoto wanakunywa.

Katibu 19:16
Wenye mashamba watakubali?

Mama Zawadi 19:17
Wa kule bondeni nimeshaongea naye. Kasema mradi tusikanyage matuta.

Mweka Hazina 19:20
Kwenye mfuko wa kikundi kuna ile pesa ya vitenge vya sare.

Bibi Tula 19:21
Vitenge vitasubiri.

Katibu 19:21
Naunga mkono.

Mama Upendo 19:21
👍🏾

Mweka Hazina 19:24
Sawa. Ninunue ule unga wa lishe uliochanganywa, wa sokoni?

Dada Rehema (mhudumu wa afya) 19:29
Hapana mama. Mahindi, mchele, soya, karanga vikisagwa pamoja, kila kimoja kinaiva kwa wakati wake. Na karanga ikiwa na sumukuvu, sumu ya ukungu, ukishaisaga huioni tena. Nunua dona peke yake. Karanga chambua kwa mkono, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Kaanga, twanga asubuhi hiyo hiyo, utie kwenye uji ukikaribia kuiva. Maziwa yakipatikana tuongeze. Parachichi tutampondea kila mtoto lake.

Mama Upendo 19:31
Parachichi naleta mimi, mti umejaa.

Bibi Tula 19:33
Mimi nitashika watoto mama zao wakiandika.

Katibu 19:35
Ubao na chaki nabeba. Tunakutana kwa bibi saa nne, tushuke pamoja. Nani ana sufuria kubwa? Langu limetoboka.

Mama Zawadi 19:36
Ninalo la msiba, la lita 20. Ila nitumieni kijana wa bodaboda, siwezi kulibeba na mtoto.