Nauza Land Rover 109 kama ilivyo, pamoja na kadi yake ya usajili, SIUZI kadi peke yake wala SIUZI spea, madalali mmetuchosha!

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira kabisa na sioni sababu ya kuificha. Nina Land Rover 109 (ile ndefu) Series III, yaani toleo la tatu, ya mwaka 1977, ya marehemu baba, iko nyumbani Moshi, naiuza, na tangu nilivyotangaza kwamba naiuza yaani nyumbani pale hakuna amani. Wateja wapo, tena wengi tu. Shida ni kwamba karibu wote wanaokuja wanachotaka sio gari.

Hali yake niiseme hapa hapa ili asitokee mtu akasema nimeficha kitu. Haitembei, imekaa chini ya mwembe miaka mingi. Injini ni ile ile ya lita 2.25 ya petroli iliyotoka nayo kiwandani, ukiingiza hendeli unaizungusha vizuri tu, haijakwama. Breki hakuna, masta silinda imekufa. Chasis imeliwa na kutu kwenye mikono inayobeba bodi upande wa dereva na lile boriti la nyuma pale pa kufungia tela, na ule ukuta kati ya injini na kebini umetoboka chini kabisa kwenye miguu ya dereva, ukikaa kwenye siti unaona nyasi. Hayo matobo yote nimeyapiga picha kwa karibu na nimeyaweka kwenye tangazo. Bei milioni 9, maongezi yapo. Sasa hapo ni nani nimemdanganya?

Wa kwanza kunichefua ni jamaa aliyekuja na kisumaku chake mfukoni, anajiita mtaalamu wa magari ya zamani. Anabandika sumaku kwenye fenda, inadondoka. Anabandika mlangoni, inadondoka. Anageuka kwa mama yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, anamwambia bi mkubwa hii bodi yote ni fila, ile puti ya kuzibia matobo, chuma hakuna, mmepakwa rangi juu ya takataka, nakupa milioni moja na nusu nikusaidie kusafisha uwanja. Ndugu yangu, bodi ya Land Rover ni ALUMINI! Wameanza nayo hivyo tangu 1948, Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao, alumini ya viwanda vya ndege ipo tele, wakaitumia. Sumaku itashika wapi? Chuma kiko kwenye chasis, kwenye ule ukuta wa mbele na fremu za milango, na ndio maana kutu unaikuta huko na sehemu ambazo alumini inagusana na chuma, sio kwenye fenda. Mtu hajui hata hilo ila anajua kumtisha mama wa watu na bei ya kutupa. Na kama alikuwa anajua basi ni mbaya zaidi.

Halafu kuna hawa wa kadi, hawa ndio wengi na ndio wananitia hasira kuliko wote. Mmoja alitoka Arusha na Prado yake safi, kijana mstaarabu, salamu nzuri, shikamoo mama, kila kitu. Hakufungua boneti. Hakuangalia chini. Alienda moja kwa moja mbele kulia, pale springi inapoanzia kwenye chasis, akapiga magoti na tochi ya simu, akasugua matope kwa kidole mpaka namba ya chasis ikaonekana, akaipiga picha, akasimama akajipangusa akauliza kadi orijino ipo? Nikamuuliza mbona gari hujaliangalia, akanijibu bila aibu kwamba gari naweza kubaki nalo, yeye anataka kadi na kile kipande cha chasis chenye namba, anatoa milioni tatu keshi. Yaani akate chuma na grainda, akakichomelee kwenye gari lingine ambalo Mungu ndiye anajua limetoka wapi, halafu hilo gari litembee barabarani kwa jina la marehemu baba yangu!! Nilimwonyesha geti. Baba alikuwa bwana shamba, alilinunua gari hili kwenye mnada wa serikali, akalitumia kupanda Usangi na Ugweno wakati barabara zile ukisikia mvua tu unarudi, leo jina lake likakutwe kwenye gari la wizi? Haiwezekani.

Na hapo hapo niwajibu wanaoniambia navuta mambo kwa kung'ang'ania makaratasi. Kadi iko kwa jina la baba, baba amefariki, mimi nimeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi na barua ninayo. Mnunuzi mwenye TIN (namba ya mlipakodi) yake akija tunaandikiana mkataba, tunaenda TRA, mamlaka ya mapato, tunalipa ushuru wa stempu na ada ya kubadilisha umiliki, linasoma jina lake, tunaagana. Rahisi. Lakini kila mtu anataka tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa eti mambo ya TRA atayamaliza huko mbele kwa mbele. Hamalizi. Tunawajua watu waliouza gari kwa staili hiyo, likaja kupigwa faini za trafiki mkoa ambao mwenye kadi hajawahi hata kuukanyaga, na deni likawa lake, sasa jaribu kumtafuta mnunuzi uone kama simu inapokelewa.

Kuhusu kabureta. Walikuja wawili, mmoja kajitambulisha fundi, mimi nilikuwa kazini. Mama akawaacha waangalie, akaingia ndani kuwachemshia chai, CHAI, wageni wa watu. Walipoondoka boneti haijafungwa sawasawa, nimerudi jioni nafungua nakuta ile Zenith orijino hakuna, nati zake wameziacha zimepangwa juu ya fenda na ile paipu ya petroli imening'inia tu. Gari limekaa miaka yote hiyo hakuna mtoto wa jirani aliyegusa hata kioo, nyie mnaojiita wapenzi wa Land Rover ndio mmekuja kuiba. Nimeripoti polisi, RB (namba ya taarifa) ninayo, na namba mliyopigia ninayo. Mama siku hizi mtu akigonga geti hafungui, na ni nyinyi mmemfikisha hapo.

Wa skrepa siwalaumu sana, kazi yao ni kilo na wanasema wazi. Lakini mtu usijifanye unataka kulifufua gari halafu ukiambiwa bei unaanza kupiga hesabu ya kilo za chuma na kilo za alumini. Hivi mnajua Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985 zikaisha? Hata Defender iliyozirithi, ile ya umbo la zamani, ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull Uingereza Januari 2016. Za aina hiyo hakuna nyingine inayokuja. Na zilizobaki huku kwetu nyingi zimeshatolewa injini wakaweka za Toyota au Isuzu, siwalaumu, mtu alikuwa anatafuta riziki na petroli inakula hela, ila ndio maana ukikuta moja yenye injini yake, gia boksi yake na kadi yake huwezi kuipima kwa mizani ya skrepa.

Thamani madalali mnaijua vizuri sana! Mnajua Marekani gari likifikisha miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila kubanwa na yale masharti ya usalama ya magari mapya, mnajua Uingereza likivuka miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara, na mnajua huko watu wanazitafuta na kuzitengeneza upya mpaka skrubu ya mwisho. Mwaka 2024 lilipofanyika lile tamasha la Land Rover Arusha tuliona wote magari yalivyojaa na watu walivyokuwa wanazipigia picha, na nyie mlikuwepo. Mkiwa kule ni hazina, mkifika kwa mjane Moshi ni takataka. Hiyo tabia ndiyo inayofanya watu waamue bora waite wa skrepa wakate, maana angalau wa skrepa anakuja mara moja anaondoka. Na gari likishakatwa msije kulia kwamba Land Rover za zamani zimeadimika.

Sasa anayetaka kununua kweli, njoo na fundi wako unayemwamini, jumamosi au jumapili nikiwepo mimi. Ingieni chini, gongeni chasis na nyundo, mtajua wenyewe wapi pa kukata na wapi pa kuchomelea, zungusheni injini kwa hendeli, pimeni oili. Mkiona kabureta iliyoibiwa, masta silinda na kazi ya chasis inataka hela nyingi semeni tushushe, mimi ni mwelewa na najua kazi iliyopo pale sio ndogo. Bredauni ya kulibeba ni juu yako, kwa sababu sitaki livutwe kwa kamba na breki hazipo. Kama mpango wako ni kukata namba, usinitafute. Kama unataka fenda tu au difu tu, usinitafute, ukishaondoa kimoja hakuna atakayelitengeneza tena.

Na wewe dalali uliyechukua picha zangu ukaziweka kwenye tangazo lako kwa milioni 13 na namba yako ya simu, ukawaambia watu gari "inatembea, ndogo ndogo tu", kuna baba wa watu ametoka Singida na hela yake kaja kukuta gari liko juu ya mawe, kanitukana mimi ambaye sijawahi hata kuongea naye. Zitoe hizo picha leo, na nauli ya yule mzee umrudishie.