Mjadala: Michango ya maabara inunue kadi ya grafiki au la?

MtuWaUjiji: Michango ya maabara ya kompyuta hapa Kigoma inatosha kitu kimoja tu. Nasema kiwe kadi ya grafiki, ile ya kompyuta inayofanya hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Kitanzi (amri za programu zinazojirudia) cha kusafisha picha za setilaiti za Ziwa Tanganyika kinapita pikseli, nukta za picha, moja moja mpaka kunakucha. Kadi itazigawia nyuzi maelfu, yaani vibarua vidogo vya hesabu vinavyofanya kazi kwa pamoja. Anayebisha hajui programu.

AsaliYaTabora: Nabisha, na programu naijua. Pikseli zinajitegemea, sawa. Ila kitanzi cha kina cha maji kinachukua jumla ya jana ndipo kipate ya leo. Ukikigawa kilivyo, uzi wa leo unasoma jibu la jana kabla halijaandikwa. Utapata uongo, tena wa haraka. Na Amdahl, mtaalamu wa kompyuta, alishayasema 1967: sehemu isiyogawika ikila moja ya tano ya muda, hata kadi ya dhahabu haikufikishi mara 5.

MwalimuKasulu: Kitanzi ni cha kunyongea mtu. Semeni mzunguko.

DagaaMkavu: Mwalimu shikamoo, lakini mzunguko wa nini, wa damu? Mtaani ni lupu tu. Nyuzi, vitanzi... bado karabai tuingie ziwani.

MtuWaUjiji: Uongo wa haraka? Jumla limbikizi, hiyo ya jana kuongezwa ya leo, inagawika, ndugu. Raundi ya kwanza kila namba inaongezewa ya nafasi 1 nyuma yake, kisha ya 2, kisha 4, ukisoma safu moja (namba zilizopangwa mfululizo) na kuandika nyingine. Namba 1,024 zinaisha kwa raundi 10. Mwenye asali alambe asali.

AsaliYaTabora: Asali imeingiaje hapa? Watu wa migebuka mna dharau.

FundiGungu: Wakati mnagombana: kadi za kampuni ya NVIDIA huendesha nyuzi 32 kwa mkupuo, kwa hiyo weka 256 kwa kundi, yaani mikupuo 8 kamili. Pikseli 1,000,000 zinataka makundi 3,907, yaani nyuzi 1,000,192. Zile 192 za ziada zizuiwe kwa sharti, la sivyo zinaandika nje ya safu. Jumla isiandikwe ovyo na nyuzi zote kwenye kisanduku kimoja cha kumbukumbu: mbili zikisoma 7, kila moja ikaongeza 1, utabaki na 8 badala ya 9. Data ipelekwe kwenye kadi mara moja, hatua zote ziishie humo, ndipo jibu lirudi. Ukiirudisha kila hatua, safari inameza faida yote. Na kadi ya NVIDIA GTX 1650 hukokotoa namba za desimali za biti 64, zile za usahihi mkubwa zaidi, kwa 1/32 ya kasi ya biti 32, kwa hiyo ulizeni kwanza hesabu zenu ni za aina gani.

MwalimuKasulu: Safu ni ya milima. Semeni orodha.

DagaaMkavu: Orodha ni ya wachangiaji, Mwalimu, na jina lako halimo.